Sugu kwa Ukungu Upi? Hotuba kwa Wakulima wa Malindi Kuhusu Mnyauko wa Dengu

(Hotuba hii ilitolewa Malindi mbele ya wakulima, wauza mbegu na maafisa wa ugani. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wakulima wa Sabaki na Magarini, wenye maduka ya mbegu, na nyinyi vijana mnaosomea kilimo: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mada tuliyopewa ni ugonjwa wa dengu. Nasema dengu ile ya unga wa bajia, si pojo. Hapa Malindi tunaila sana, mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, lakini tunaila kwa kuinunua. Ndipo baadhi yenu mkaja na swali: mbona tusiipande wenyewe kwenye udongo mzito wa kando ya mto, masika yakishapita, ikamalizia unyevu uliobaki? Dengu ni zao la kumalizia unyevu, hilo ni kweli. Mzizi wake huenda chini, na mvua nyingi haiitaki. Swali lenu lina msingi.

Lakini siku utakapokwenda kununua mbegu utaambiwa neno moja tamu: "Hii ni sugu." Hapo usitoe pesa kwanza. Uliza: sugu kwa ukungu upi? Akikujibu "sugu kwa mnyauko", uliza tena: mnyauko upi? Maana ukungu unaoleta mnyauko una mbari nyingi, yaani koo tofauti ndani ya ukungu uleule, na mbegu inayosimama imara mbele ya mbari moja huanguka mbele ya nyingine. Hilo ndilo nililokuja kusema, na mengine yote yanalifuata hilo.

Tuanze na shamba lenyewe. Mnyauko wa dengu unaletwa na ukungu wa udongoni ambao wataalamu wanauita Fusarium oxysporum, tawi la ciceris, yaani tawi lililozoea dengu. Huingia kwa mizizi, hupanda ndani ya mirija inayopeleka maji juu, na mirija ikaziba. Majani yanalegea, mmea unainama ukiwa bado na rangi ya kijani, kisha unakauka. Mkulima akiuona anasema ni kiu, anaongeza maji, na hayo maji yanausambaza ukungu kutoka tuta hadi tuta. Vifo vinaweza kuanza wiki tatu tu tangu kupanda. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba mmea ukinyauka mapema hupoteza kati ya asilimia 77 na 94 ya mavuno yake, na ukinyauka kwa kuchelewa hupoteza kati ya asilimia 24 na 65. Kwa hiyo hata anayesema "yangu ilinyauka mwishoni tu" amepoteza mengi.

Utajuaje kuwa ni mnyauko wenyewe? Chukua wembe. Chimbua mmea uliolegea lakini haujakauka. Usiuvute, maana ukivuta mizizi inabaki chini. Pasua shina kwa urefu, kuanzia usawa wa ardhi, sentimita tano juu na tano chini. Ukiona mstari wa kahawia iliyokoza au mweusi katikati, na mizizi kwa nje ni mizima, huo ni mnyauko. Ukikuta mzizi mkuu mkavu, unakatika upesi, vijizizi vya pembeni vimepukutika, na mmea wote una rangi ya nyasi kavu, hiyo ni kuoza kukavu kwa mizizi, kazi ya ukungu mwingine, Macrophomina, unaopenda joto la kupita nyuzi 30 na ardhi iliyokauka wakati dengu inachanua. Na ukikuta utando mweupe shingoni mwa mche, pamoja na vipunje vya mviringo vya kahawia, hiyo ni kuoza kwa shingo, ugonjwa wa Sclerotium rolfsii. Huo hufuata unyevu na mabaki mabichi yaliyofukiwa kabla hayajaoza. Kwa joto letu la Pwani haya mawili ya mwisho yana nafasi kubwa, na mbegu sugu kwa mnyauko haina la kufanya juu yake. Wangapi wamelaumu mbegu, kumbe ugonjwa ulikuwa mwingine kabisa?

Sasa tuje kwenye mbari.

Kule India, ambako ndiko dengu nyingi zaidi duniani hulimwa, kulikuwa na jambo lililosumbua. Aina ya dengu iliyosimama vizuri katika mji mmoja ilikuwa ikifa katika mji mwingine. Wapo waliodhani ni udongo, wapo waliodhani ni hali ya hewa. Watafiti wawili wa ICRISAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao ya maeneo makavu kilicho karibu na Hyderabad, Haware na Nene, wakakusanya ukungu kutoka sehemu mbalimbali: Hyderabad, Kanpur, Gurdaspur na kwingineko. Wakachukua seti moja ya aina za dengu, wakaziambukiza zote kwa ukungu wa kila mahali, mazingira yakiwa mamoja. Mwaka 1982 wakatangaza mbari nne. Udongo haukuwa na kosa. Ukungu wa Hyderabad na ukungu wa Kanpur ukiutazama kwa macho hauna tofauti, lakini orodha ya dengu unazoziua ni tofauti.

Baadaye Hispania ikaongeza mbari nyingine, Marekani katika jimbo la California zikaonekana pia, na leo zinahesabiwa nane: 0, 1A, 1B/C, 2, 3, 4, 5 na 6. Mbari 0 na 1B/C hazinyaushi, zinafanya majani kuwa ya manjano polepole kuanzia chini. Sita zilizobaki ndizo zinazonyausha. Mkulima akiona manjano hudhani ni ukosefu wa mbolea. Je, nani angeweka mbolea juu ya ukungu kama angejua?

Na hizi nane zimetoka wapi? Hapa ndipo elimu ya DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli, ilipoleta faida kubwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2002 na 2004 ulionyesha kwamba tawi zima la dengu lina asili moja, na kwamba mbari zimezaliwa hatua kwa hatua kutokana na ile ya upole, mbari 0. Ukungu huu haujaonekana ukizaana kwa dume na jike. Unajinakili wenyewe. Basi umebadilikaje?

Nitaeleza kwa mfano mmoja, ushikeni. Mmea sugu una mabawabu ndani ya seli zake, na kila bawabu amefundishwa kumtambua mwizi kwa kofia moja tu. Kofia hiyo ni protini ambayo ukungu huitoa unapoingia mzizini. Bawabu akiiona, mmea unafunga njia. Sasa katika mamilioni ya mbegu za ukungu, vijipunje vyake vya kuzaana, zilizomo shambani, moja ikatokea imepoteza jeni ya ile protini, yaani kipande cha DNA kinachoagiza itengenezwe, au herufi moja ya jeni imebadilika. Mwizi amevua kofia. Bawabu yupo palepale, macho wazi, na mwizi anapita.

Hili si jambo la kubuni. Kwa ndugu yake wa karibu, ukungu wa mnyauko wa nyanya, limefuatiliwa hadi kwenye jeni yenyewe. Mbari ya pili ya nyanya ilipatikana baada ya mbari ya kwanza kupoteza jeni moja, inayoitwa SIX4. Mbari ya tatu ilipatikana kwa badiliko dogo katika jeni nyingine, SIX3. Kila mara watafiti wanaozalisha aina mpya za mbegu walileta nyanya yenye bawabu mpya, na kila mara ukungu ukavua kofia nyingine. Na mwaka 2010 ilionyeshwa maabara kwamba kromosomu nzima, yaani fungu zima la DNA, yenye jeni za kuleta ugonjwa yaweza kuhama kutoka ukungu mkali kwenda kwa ukungu wa aina hiyohiyo uliokuwa hauna madhara, na huo wa pili ukaanza kuugulisha nyanya. Nyinyi wa nyanya hapa mlisikie hilo vizuri, linawahusu kabla hata ya dengu.

Kwa hiyo tunapopanda mbegu sugu ya aina moja kwenye shamba zima, msimu baada ya msimu, tunafanya nini? Tunazifungia njia mbari zote isipokuwa ile inayoweza kupita. Tunachagua. Mkulima ndiye anayechagua, bila kujua.

Hadithi ninayotaka mkae nayo ni ya Syria. Ugonjwa wake si mnyauko, ni wa madoa ya majani na mashina, unaoletwa na ukungu uitwao Ascochyta rabiei. Huo unapenda baridi na mvua, nyuzi 20 hivi, na kwetu hapa joto haliupendezi. Lakini somo lake ni letu. Wakulima wa kule walikuwa wakipanda dengu majira ya kuchipua ili kuukwepa, wakavuna kidogo kwa sababu mvua ilikuwa imeisha. ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, wakati huo kikiwa karibu na Aleppo, kikasema: tukipata dengu inayovumilia ugonjwa huu, watapanda wakati wa mvua, mavuno yataongezeka sana. Miaka ya 1980 zikatolewa aina mbili, Ghab 1 na Ghab 2. Wakulima wakazipokea kwa furaha, na kweli zilisimama.

Kisha Ghab 1 ikaanza kuanguka. Ukungu ukapimwa, ikaonekana kuna kundi la kwanza ambalo Ghab 1 inaliweza, na kundi la pili ambalo hailiwezi. Ghab 2 ikabaki ndiyo tegemeo. Halafu likaonekana kundi la tatu, na Ghab 2 ikaanguka. Makundi hayo matatu yalielezwa kwa vipimo vya DNA mwaka 1998. Baadaye likapatikana la nne, kali kuliko yote, lililoshinda hata aina ambayo watafiti wa mbegu waliitegemea kama chanzo cha usugu. Aina ikitoka, kundi linatoka. Aina ikitoka, kundi linatoka. Kosa halikuwa la mbegu, wala la mkulima peke yake. Kosa ni kuweka tegemeo lote juu ya jina moja la mbegu, kana kwamba ukungu umekaa kimya.

Ukungu huo wa madoa una njia nyingine ya kubadilika: una jinsia mbili, na zikikutana kwenye mabua yaliyoachwa shambani huzaa mbegu zinazopeperushwa na upepo, kila moja ikiwa na mchanganyiko mpya wa jeni. Kule Palouse, Marekani, kwenye majimbo ya Washington na Idaho, ulionekana mwaka 1983, jinsia zote mbili zikawepo, na mwaka 1987 ukaangamiza mashamba. Mtu angesema basi, penye jinsia moja tu hakuna hofu. Tazameni Australia. Wamepata jinsia moja tu, na vipimo vya DNA vinaonyesha tofauti ndogo mno kati ya ukungu wa shamba moja na lingine. Hata hivyo aina zao zilizosifiwa, Genesis 090 na PBA HatTrick, zimepungua nguvu mbele ya ukungu ambao umezidi ukali.

Vijana wa vyuo, hapa nawaomba mtege sikio. Alama za DNA zinaonyesha undugu, hazionyeshi ukali. Ndugu wawili wanaofanana kwa kila alama mnayopima wanaweza kutofautiana kwa jeni moja tu, na hiyo moja ndiyo inayoua. Ndiyo maana kazi kamili ya kutambua mbari ina sehemu mbili, na anayeleta moja ameleta nusu. Kwanza mnasafisha kipande cha shina kwa dawa ya klorini ya asilimia 1 kwa dakika moja au mbili, mnasuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa hadi vijidudu vikafa, mnakiweka kwenye sahani ya chakula cha viazi na agari, nyuzi 25, siku tano hadi saba. Kisha mnatenga mbegu moja ya ukungu, moja tu, na kuikuza upya. Mkiruka hatua hii mnapima mchanganyiko wa mbari mbili na kuuita mbari mpya. DNA inatolewa kutoka kwa hiyo moja. Pili, mnaambukiza seti ya aina za dengu zinazojulikana: miche midogo, mizizi imelowekwa kwenye maji yenye mbegu za ukungu milioni moja kwa kila mililita, kisha inapandwa kwenye mchanga uliochemshwa, na inachunguzwa kwa muda wa mwezi mmoja. Orodha ya waliokufa na waliopona ndiyo inayosema mbari.

Haya, mkulima afanye nini?

La kwanza, na hili nalisema kwa uchungu: usipande dengu ya dukani. Nafaka ya kula yaweza kuwa imetoka Shinyanga, Ethiopia, India au Australia, na gunia halikwambii. Ukungu wa mnyauko hukaa hadi kwenye kovu la punje, pale inaposhikana na ganda, na punje ikaonekana safi kabisa. Kilo moja uliyonunua kwa ajili ya bajia, ukiimwaga ardhini kwa majaribio, yaweza kuleta Malindi mbari ambayo haijawahi kufika. Na ukishaingia, ukungu huu hukaa udongoni zaidi ya miaka sita bila kuonja dengu. Nunua mbegu yenye lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea. Mwenye kutaka kuleta mbegu kutoka nje, hata mfuko mdogo aliopewa na ndugu, aombe kibali cha KEPHIS kwanza.

La pili ni mbaazi. Najua hapa mbaazi ni chakula cha asubuhi na mmea wa kila boma. Sikilizeni basi: tangu mwaka 1982 inajulikana kwamba ukungu wa mnyauko wa dengu huingia kwenye mizizi ya mbaazi, adesi na njegere, ukaishi humo bila kuonyesha dalili yoyote. Mbaazi imenawiri, imezaa, na chini inamlisha adui wa dengu. Anayesema "nimepumzisha shamba, nimepanda mbaazi miaka mitatu" hajapumzisha kitu. Mbaazi ina mnyauko wake pia, wa ukungu mwingine, nao haulingani toka eneo moja hadi jingine. Hiyo ni mada ya siku yake.

La tatu, usiamini neno sugu mpaka uone kwa macho shambani kwako. Jaribio ni rahisi. Tenga kipande ambacho mimea imewahi kunyauka. Panda kila aina mstari wa mita tatu, punje moja kila sentimita kumi, upate mimea kama 30, mistari ikiachana sentimita 30. Kila baada ya mistari miwili weka mstari wa aina inayojulikana kuwa dhaifu. Kule ICRISAT hutumia ile iitwayo JG 62, ambayo hufa upesi. Hesabu miche iliyoota, kisha hesabu iliyokufa kila wiki hadi siku ya 60, na kila uliokufa upasue kwa wembe uhakikishe ni mnyauko. Je, mistari dhaifu imekufa karibu yote? Basi jaribio lina maana, na aina iliyopoteza chini ya mmea mmoja katika kumi inafaa kuendelea nayo. Je, mistari dhaifu imepona? Hapo hujajua lolote. Ardhi haina ukungu wa kutosha, na kila mbegu itaonekana sugu. Kosa hili ndilo linalouza mbegu nyingi mbaya, kwa nia njema kabisa.

La nne, sampuli. Mkiona mnyauko, msilete mmea mmoja uliooza kwenye mfuko wa plastiki. Plastiki hutoa jasho, bakteria hujaa, ukungu tunaoutafuta unazidiwa. Chukueni mimea kumi kutoka pande tofauti za shamba, kila mmoja kipande cha sentimita kumi cha shingo na mzizi, kila kipande kwenye bahasha yake ya karatasi au gazeti. Andikeni kwa penseli: mahali, tarehe, jina la aina, siku tangu kupanda, na zao lililotangulia. Kaeni navyo kivulini, si ndani ya gari lililoegeshwa juani, na vifike kwa afisa wa ugani au kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichopo Mtwapa, ndani ya siku mbili. Kwa nini kumi, na kwa nini kila mmoja peke yake? Kwa sababu shamba moja laweza kuwa na mbari mbili, na ukichanganya bahasha umezificha.

Na kwa wale ambao ardhi yao imeshaathirika: Januari hadi Machi jua letu ni kali na mvua hakuna. Lainisha udongo, umwagilie hadi ulowe, uufunike kwa plastiki angavu, si nyeusi, kingo zote zimefukiwa, kwa wiki sita hadi nane. Joto litapunguza ukungu wa tabaka la juu. Ule wa chini zaidi utabaki, kwa hiyo baada ya hapo usilime kwa kina ukaupandisha. Kwa gharama ya plastiki hii inafaa kitalu na shamba dogo. Kwa ekari, panda mahindi, mtama au ufuta, miaka mingi iwezekanavyo. Mabaki ya dengu yaliyonyauka yang'olewe na kuchomwa hapohapo, yasilishwe mbuzi wala kutupwa kwenye samadi, na jembe lioshwe kabla halijavuka kwenda kwa jirani. Mfereji wa maji nao uuangalie: shamba lenye ugonjwa limwagiliwe la mwisho, na maji yake yasirudi kwenye mfereji wa wote.